Kusoma Ufafanuzi wa Mkono katika Hifadhi za Uskoti: Ushauri kwa Mtafiti Anayeanza

Ushauri huu nauandika kwa mwanafunzi au mtafiti anayekwenda kwa mara ya kwanza katika maktaba na hifadhi za nyaraka za Uskoti ili kusoma maandishi ambayo wasomi wa karne ya 16 na ya 17 waliyaandika kwa mkono wakifafanua vitabu vya wengine. Nitajifunga kwenye uwanja mmoja, yaani hisabati na elimu ya falaki, kwa kuwa ndio niliouzoea, na kwa kuwa Edinburgh, Aberdeen na St Andrews zimehifadhi katika uwanja huo vitu ambavyo mtu asingetarajia kuvikuta katika nchi ndogo ya kaskazini. Kabla ya yote, kumbuka kwamba ufafanuzi wa mkono hauwezi kukupa ushahidi wowote mpaka ujue aliyeuandika ni nani, aliuandika lini, alikuwa na toleo gani la kitabu mbele yake, na ni yapi aliyoyawaza mwenyewe na yapi aliyoyanakili kwa mtu mwingine. Ujuzi wote wa kazi hii, wa lugha, wa mwandiko na wa katalogi, ni vyombo vya kujibia maswali hayo manne.

Anza na katalogi, wala usiridhike na katalogi ya miswada peke yake. Ufafanuzi mwingi haumo humo, kwa sababu uliandikwa pambizoni mwa vitabu vilivyochapwa au kwenye karatasi tupu zilizotiwa kati ya kurasa za vitabu hivyo, na maktaba nyingi kubwa ziliviorodhesha vitabu vya aina hiyo mahali pengine, chini ya jina la mtunzi, pasipo kumtaja aliyekijaza kitabu maandishi. Mfano ninaowapa wageni daima ni ule wa Duncan Liddel. Alizaliwa Aberdeen mwaka 1561, akaondoka akiwa kijana kwenda bara la Ulaya, akasoma kwa mwanahisabati Paul Wittich katika mji wa Wrocław, akafika katika kisiwa cha Hven kumtembelea Tycho Brahe, mwanafalaki wa Denmark, na kuanzia mwaka 1591 akafundisha katika chuo kikuu cha Helmstedt huko Ujerumani. Alirudi Uskoti mwaka 1607, akafariki mwaka 1613, na vitabu vyake akaviachia Marischal College, chuo cha mji wake, ambacho mwaka 1860 kiliunganishwa na King's College kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Aberdeen cha leo.

Miongoni mwa vitabu hivyo imo De revolutionibus, kitabu kikuu cha mwanafalaki Copernicus, toleo la pili lililochapwa Basel mwaka 1566. Ndani yake Liddel alinakili kwa mkono Commentariolus, ule ufafanuzi mfupi ambao Copernicus mwenyewe aliuandika kabla ya katikati ya mwaka 1514, akieleza kwa mara ya kwanza dhana yake kwamba dunia hulizunguka jua, na ambao aliwapa watu wachache bila kuupeleka kwa mpiga chapa. Wanahistoria walizifahamu nakala mbili za maandishi hayo tangu karne ya 19, moja ya Vienna na moja ya Stockholm. Ile ya Aberdeen ilikuwa imekaa mjini humo tangu enzi za Liddel, ikahudumiwa na vizazi kadhaa vya wakutubi, na hata hivyo haikuingia katika mjadala wa wataalamu mpaka nusu ya pili ya karne ya 20. Hakuna aliyeificha. Ilikuwa ndani ya kitabu kilichochapwa, na katalogi ya vitabu vilivyochapwa ilikitaja kitabu tu. Kwa hiyo, unapotafuta ufafanuzi wa msomi fulani, tafuta pia vitabu alivyovimiliki, tafuta wosia wake, uliza kitabu kilifikaje maktabani, kisha omba kukiona hata kama maelezo yake hayataji mstari mmoja wa wino. Mkutubi anayeuhudumia mkusanyiko huo kila siku anajua mambo ambayo hayakuandikwa popote, na ukimweleza kwa barua, kabla ya safari, unachokitafuta na sababu yake, atakusaidia kuliko ukimtumia orodha ya namba.

Historia ya mkusanyiko wenyewe ni sehemu ya ushahidi. Vitabu vya Liddel vipo Aberdeen kwa sababu yeye ni mtu wa Aberdeen, na alama zilizomo zinatuonyesha jinsi Mskoti mmoja alivyoelimishwa Ujerumani na alichokirudisha nyumbani. Hali ni tofauti kabisa ukipanda mlima wa Blackford, kusini mwa jiji la Edinburgh, kwenye Royal Observatory, kituo cha kutazamia nyota. Maktaba ya Crawford iliyopo huko ilikusanywa na James Ludovic Lindsay, Earl wa Crawford, ambaye mwaka 1888 aliitoa kwa taifa pamoja na vyombo vyake vya kutazamia nyota. Alinunua vitabu adimu kutoka sehemu nyingi za Ulaya, kwa hiyo maelezo ya pambizoni utakayoyakuta humo yanaweza kuwa ya Mjerumani au Mwitaliano ambaye hakuwahi kukanyaga Uskoti. Anayeandika juu ya usomaji wa Copernicus nchini Uskoti akayatumia maelezo hayo kama ushahidi wake atakuwa ameichanganya Uskoti ya karne ya 16 na mnunuzi wa karne ya 19.

Ni katika maktaba hiyo ambapo mwaka 1970 Owen Gingerich, mwanahistoria wa falaki kutoka Marekani, alifungua De revolutionibus ya toleo la kwanza, la mwaka 1543, akaikuta imejaa maelezo ya mkono tangu mwanzo hadi mwisho. Wakati huo lilikuwa limeenea dai kwamba kitabu hicho hakikuwa na wasomaji. Herufi E na R zilizogongwa kwenye jalada, pamoja na mwandiko wenyewe, zilimwezesha kumtambua mwenye kitabu kuwa Erasmus Reinhold, mwalimu wa hisabati wa Wittenberg, mtungaji wa majedwali ya sayari yaliyotoka mwaka 1551. Ugunduzi huo ulimtia Gingerich katika kazi iliyomchukua miaka 30 na zaidi, ya kuzikagua nakala za matoleo mawili ya kwanza popote zilipo duniani, takriban 600 kwa jumla, na sensa yake aliyoichapisha mwaka 2002 ndicho chombo ambacho kila anayeingia uwanja huu anapaswa kujifunza kukitumia.

Nakuomba uitazame kazi ya Reinhold kwa makini zaidi ya kusikia tu kwamba ilipatikana, kwa sababu inafundisha jinsi ya kusoma ukimya. Kwenye ukurasa wa jina la kitabu aliandika kwa Kilatini kanuni ya wanafalaki kwamba mwendo wa mbinguni ni wa mviringo na wa kasi moja, au umeundwa na miendo ya namna hiyo. Kisha katika sura za mwanzo, ambamo Copernicus anaiondoa dunia katikati ya ulimwengu, maelezo ni machache, ilhali katika sehemu ngumu za kihisabati, ambamo njia za sayari zinajengwa upya bila kuivunja kanuni ile, pambizo zimejaa. Msomaji wa leo angetarajia kinyume chake. Usihesabu basi maelezo yaliyopo tu. Chora ramani ya kitabu kizima, uonyeshe wapi mwandishi alisimama kwa muda mrefu na wapi alipita bila neno. Ramani hiyo itakwambia kilichomshughulisha kuliko sentensi yoyote moja iliyokuvutia, nami sijaona kazi nzuri ya aina hii iliyofanywa bila ramani hiyo.

Sasa nije kwenye suala la mkono ni wa nani, ambalo ndilo linalowaangusha hata mabingwa. Katika karne ya 16 mwanafunzi aliazima kitabu cha mwalimu wake akayahamishia maelezo yake yote pambizoni mwa kitabu chake mwenyewe. Wittich alikuwa na nakala kadhaa za Copernicus, akayaingiza humo maelezo ya Reinhold pamoja na yake mwenyewe, na wanafunzi wake nao wakanakili kwake. Kwa njia hiyo kitabu kilichopo Blackford na vitabu vya Liddel vilivyopo Aberdeen ni jamaa wa ukoo mmoja, ingawa vilifika Uskoti kwa njia mbili zilizopishana miaka mia mbili na zaidi. Maneno unayoyaona katika mwandiko wa mtu yanaweza kuwa mawazo ya mtu wa pili, aliyeyapata kwa mtu wa tatu. Nakala moja yenye michoro ya ajabu, iliyopo Vatican, ilidhaniwa na Gingerich kuwa ya Tycho Brahe, naye akaitangaza hivyo. Baadaye alipoulinganisha mwandiko na vielelezo zaidi aliona kwamba ni ya Wittich, akasahihisha hadharani. Kama mtu wa kiwango chake alihitaji vielelezo zaidi, wewe na mimi tutavihitaji pia. Usimtaje mwandishi kwa jina mpaka umepata kipande kingine kilichotiwa sahihi yake, cha kipindi kilekile na cha lugha ileile, kwa kuwa watu wengi waliandika Kilatini kwa herufi za Kiitaliano na lugha yao ya nyumbani kwa mwandiko wa makarani usiofanana nao hata kidogo. Usipokipata, andika "mkono A" na "mkono B" uendelee na kazi. Hakuna aibu katika hilo, na atakayekuja baada yako atakushukuru.

Ufafanuzi ninaowashauri wanaoanza kuutumia kama shule ni ule wa David Gregory juu ya Principia, kitabu cha Isaac Newton kuhusu mwendo na uvutano. Gregory alizaliwa Aberdeen mwaka 1659 na mwaka 1683 akawa profesa wa hisabati Edinburgh. Kitabu cha Newton kilipotoka mwaka 1687 alianza mwaka huohuo kukifafanua pendekezo kwa pendekezo, yaani kila kauli ya kihisabati inayothibitishwa humo. Aliendelea na kazi hiyo hata baada ya kuhamia Oxford mwaka 1691, na mwezi Mei 1694 alikwenda Cambridge kuzungumza na Newton mwenyewe. Ufafanuzi huo haukuchapishwa. Umebaki katika nakala nne za mkono: moja ipo Royal Society jijini London, moja Christ Church huko Oxford, moja katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Edinburgh na moja Aberdeen.

Uzuri wake kwa anayejifunza ni kwamba unakulazimisha kukabiliana na kila tatizo kwa wakati mmoja. Nakala ni nne, kwa hiyo utakalolisoma Edinburgh sharti ulilinganishe na zile nyingine tatu kabla ya kusema "Gregory aliandika hivi", maana linaweza kuwa neno la mnakili. Kazi ilichukua miaka, kwa hiyo sentensi mbili zinazofuatana ukurasani zinaweza kutenganishwa na safari ya Cambridge, moja ikiwa ni ya msomaji anayehangaika peke yake mjini Edinburgh na ya pili ikiwa ni ya mtu aliyekwisha kusikia jibu kutoka kinywani mwa mtunzi. Rangi ya wino, unene wa kalamu, mistari iliyobanwa chini ya ukurasa na alama za kuingiza nyongeza ndizo zitakazokuonyesha tabaka hizo. Mwanafunzi anayezinyoosha tabaka zote kuwa maandishi mamoja anaupoteza ushahidi wenyewe aliousafiria, kwa sababu thamani ya kazi ya Gregory haiko sana katika majibu aliyoyafikia, iko katika kumwona mtu wa kizazi kilekile, mwenye hisabati ya kutosha, akionyesha bila kujua ni wapi Principia ilikuwa ngumu kwa wasomaji wake wa mwanzo.

Tena kuna suala la toleo, na hapa nasisitiza. Principia ilitoka mara tatu katika uhai wa Newton, mwaka 1687, 1713 na 1726, na tofauti si ndogo. Sehemu yake iitwayo Kitabu cha Pili, inayohusu mwendo wa vitu ndani ya vimiminika na hewa, ilirekebishwa sana, na baadhi ya mapendekezo yalibadilishwa hoja na hata namba. Gregory alifariki mwaka 1708, kwa hiyo hakuliona toleo la pili. Anayesoma ufafanuzi wake akiwa na tafsiri ya kisasa pembeni, ambayo kwa kawaida hufuata toleo la mwaka 1726, atamtuhumu kutoelewa jambo ambalo halikuwamo katika kitabu alichokuwa nacho. Weka picha za toleo la mwaka 1687 mezani. Zinapatikana kwenye intaneti bila malipo. Fanya vivyo hivyo kwa kila ufafanuzi, maana wafafanuzi hutaja ukurasa, mstari au mchoro bila kurudia maneno, wakiamini kwamba kitabu kimefunguliwa mbele yako.

Tarehe nazo zina mtego wake, na Uskoti ina mtego wa peke yake. Kuanzia mwaka 1600 Uskoti iliuhesabu mwaka mpya tangu tarehe 1 Januari, ilhali Uingereza iliendelea kuuanza tarehe 25 Machi mpaka mageuzi yaliyokamilika mwaka 1752. Barua iliyoandikwa Edinburgh mwezi Februari 1690 na nyingine iliyoandikwa Oxford mwezi "Februari 1690" zinaweza kupishana mwaka mzima. Mtu kama Gregory, aliyeishi pande zote mbili, anakulazimisha kuuliza kila mara alikuwa wapi na alikuwa akimwandikia nani. Baadhi ya waandishi waliandika miaka yote miwili, kwa mfano 1693/4, nao wanatuokoa. Ongeza kwamba nchi zote mbili zilibaki na kalenda ya Julius hadi mwaka 1752, wakati sehemu kubwa ya Ulaya ya Kikatoliki ilikuwa imekwisha kuhamia ile ya Papa Gregorius tangu mwaka 1582 na miaka iliyoufuata, na tofauti ilikuwa siku 10 mpaka mwaka 1700, kisha 11. Katika daftari lako nakili tarehe kama ilivyoandikwa, kisha uweke tafsiri yako kando, wala usiifute ile ya kwanza.

Geuza kila karatasi. Ami yake David, James Gregory, aliyefundisha St Andrews kuanzia mwaka 1668 na kisha Edinburgh hadi kifo chake mwaka 1675, alikuwa akipiga hesabu zake nyuma ya barua alizopokea. Hazikuzingatiwa kwa muda mrefu, kwa sababu barua ziliorodheshwa kama barua. Herbert Turnbull, profesa wa St Andrews, ndiye aliyezichambua, na katika kitabu cha kumbukumbu ya miaka 300 kilichotoka mwaka 1939 alionyesha kwamba nyuma ya barua ya muuza vitabu wa Edinburgh, ya mapema mwaka 1671, zipo hesabu zinazoonyesha kwamba Gregory alikuwa tayari na njia ya mfululizo (ya kueleza kiasi kama jumla ya vipande vinavyofuatana) ambayo leo inaitwa kwa jina la Brook Taylor, aliyeichapisha mwaka 1715. Ukiagiza picha za dijitali kutoka mbali, omba nyuso zote mbili za kila karatasi, hata zile ambazo katalogi inasema ni tupu, na uombe kipimo cha urefu kiwemo katika picha.

Kuhusu maandalizi ya lugha sitarefusha maneno. Kilatini huwezi kukikwepa, lakini Kilatini cha wafafanuzi kina msamiati mdogo unaojirudia, na mwanafunzi aliyekwisha kupata sarufi ataingia ndani yake haraka kuliko katika mashairi ya Kirumi. Kigumu zaidi ni vifupisho: mstari mdogo juu ya irabu badala ya m au n, herufi p iliyokatwa mkia badala ya "per", alama za sayari zilizotumika kama maneno kamili. Tengeneza jedwali lako la vifupisho vya kila mwandishi, kwa kuwa kila mmoja ana tabia zake. Wasomaji waliopitia vyuo vya dini vya pwani yetu wana manufaa ambayo pengine hawayajui, kwa kuwa wamezoea kitabu chenye matini katikati na sharhe yake pembeni, wakati mwingine na hashia juu ya sharhe. Jicho lililofundishwa kufuata sauti tatu katika ukurasa mmoja halipotei katika pambizo za Reinhold au Liddel.

Katika chumba cha kusomea utatumia penseli, kitabu kitalazwa juu ya mito, na kwa karatasi za kawaida utatakiwa uwe na mikono safi na mikavu badala ya glavu, kwa sababu glavu huondoa hisia za vidole na karatasi huraruka. Uliza kuhusu picha mapema, kwani kila taasisi ina masharti yake juu ya kupiga na juu ya kuchapisha, na hayo ni mambo mawili tofauti. Kila picha na kila ukurasa wa daftari ubebe namba ya kumbukumbu ya hati, namba ya karatasi, na neno linaloonyesha kama ni uso wa mbele au wa nyuma. Usitumie saa za hifadhi kutafsiri. Kile ambacho huwezi kukifanya nyumbani ni kuutazama wino chini ya mwanga wa pembeni, kulitafuta chapa la mtengeneza karatasi kwa kuiinua kuelekea kwenye mwanga, kukagua mishono ili ujue kama karatasi ziliingizwa baadaye, na kupima. Fanya hayo kwanza.

Unaponakili, amua tangu siku ya kwanza alama zako za herufi ulizozirudisha katika vifupisho, za maneno yaliyofutwa, za nyongeza na za mahali pasiposomeka, kisha uzifuate bila kubadilisha njiani. Nakala yako itunze mistari kama ilivyo ukurasani, kwa sababu siku utakapolinganisha nakala ya Edinburgh na ile ya Aberdeen utagundua kwamba mnakili aliruka mstari mzima pale ambapo neno moja lilijirudia mwishoni mwa mistari miwili, na hilo huonekana tu kama mistari imehifadhiwa. Na kama umeutambua mkono ambao katalogi haiutaji, au umekuta maandishi ndani ya kitabu kilichoorodheshwa kana kwamba hayamo, mwandikie mhifadhi maelezo mafupi yenye namba za karatasi na sababu zako, ukionyesha wazi ulipo na uhakika na unapokisia, ili yaingizwe katika maelezo ya hati hiyo.